Somo: Mtoto na ujuzi wa magogo

Watoto wa mtaani kwetu hapa Lamu wameshaona mara nyingi wazee wakipandisha mashua ufukweni juu ya magogo. Juzi niliwaomba wanisogezee sanduku zito uani. Watano wakalisukuma kwa mabega, na wazo la magogo halikumjia hata mmoja. Akili wanazo. Wanachokumbuka ni mashua na bahari, ila siri yenyewe, kizito juu ya kinachobingirika, imejificha humo ndani. Hatua hizi nne zitamsaidia mtoto kuitoa siri hiyo na kuitumia kwingine.

Hatua ya 1. Mwonyeshe mifano miwili: mashua juu ya magogo, na kitabu kinene juu ya penseli za mviringo. Mwaka 1983 wanasaikolojia Mary Gick na Keith Holyoak walionyesha kwamba hata watu wazima huhamisha ufumbuzi wa tatizo moja hadi jingine vizuri zaidi wakilinganisha hadithi mbili kuliko wakipewa moja.

Hatua ya 2. Muulize, "Huku na kule kumefanana nini?" Akijibu "vyote ni mbao", usimkatize. Uliza tena: "Kilichofanya kisogee ni nini?" Kaa hapa hata siku mbili. Aeleze kwa maneno yake, na kwa Kiamu chake, lahaja ya hapa Lamu. Ukimtamkia kanuni wewe, ataikariri tu.

Hatua ya 3. Mpe sanduku, kisha nyamaza. Akikwama: "Hujaona kitu kama hiki mahali?" Magogo usiyataje.

Hatua ya 4. Mpeleke kwenye mchanga laini, vijiti anavyobingirishia sanduku vizame. Hapo ataanza kutafuta ubao wa kutandika chini.

Maswali ya wazazi

Mwalimu, wangu ana miaka 5. Si mdogo mno?

Si mdogo, mama. Mwaka 1984 Holyoak, Ellen Junn na Dorrit Billman waliwasimulia watoto wa chekechea habari za jini aliyekunja zulia likawa bomba, akapitishia vito kutoka chupa hadi chupa. Kisha watoto wakatakiwa kuhamisha vitufe kutoka bakuli la karibu hadi la mbali bila kuinuka. Baadhi yao walikunja karatasi. Kwa wadogo, hadithi na tatizo vifanane sana.

Mimi niko Malindi. Wangu wa miaka 8 sasa kila kitu anataka magogo. Nimekosea?

Hujakosea, ndugu yangu, umebakiza hatua ya 4, ya kumwonyesha mahali magogo peke yake hayatoshi. Mpe ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni aisogeze. Mwache yamwagike mara moja, kisha muulize ndoo ina nini ambacho sanduku halina.