Jinsi ya kuitumia doti moja ya leso kwa miaka mingi

Mtu anayetaka doti ya leso, yaani jozi ya khanga, imfae nyumbani kwa miaka mingi na aanze kwa kukubali kanuni moja: kitambaa kizima kina kazi nyingi, na kila mkasi unapopita, mojawapo ya kazi hizo hupotea isirudi tena. Waliotutangulia waliijua vyema hesabu hii, kwa sababu kwao kitambaa kilikuwa fedha. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyopata jina lake kutokana na Marekani ilikotoka, pamoja na kaniki ya rangi ya nili, na kwa nguo hizo ikanunua chakula na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa njiani. Kipimo kilikuwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zikafanya doti. Ndiyo maana hadi leo ukiagiza doti unapewa vipande viwili.

Hapa Nairobi wengi hununua leso Biashara Street, ambayo zamani iliitwa Bazaar Street. Usivutiwe na ugumu wa kitambaa kipya, kwa kuwa mara nyingi ugumu huo ni wanga tu, nao utaondoka kwa maji ya kwanza. Kikunjue na ukiinue kielekee mwanga: ukiona nyuzi zimeachana kama chandarua, kirudishe. Kama una shaka iwapo ni pamba, chomoa uzi mmoja penye ukingo uliokatwa, utoke nje ya duka uuchome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kisha soma jina, yaani maandishi yaliyo chini ya mji (sehemu ya katikati ya leso), ndani ya pindo (ukingo wenye nakshi unaoizunguka). Leso iliyoandikwa “Wema hauozi” unaweza kumpelekea mama mkwe bila wasiwasi. Iliyoandikwa “Hasidi hana sababu” itazua maswali ambayo hutakuwa na majibu yake.

Doti huuzwa ikiwa haijatenganishwa. Kata katikati ya mapindo mawili yanayokutana, kisha mpe fundi mwenye cherehani apinde kingo zilizokatwa. Kazi hii huchukua dakika chache, na ukiiruka nyuzi zitafumuka tangu mfuo wa kwanza. Fua peke yake, kwa maji baridi, na uanike kivulini. Mimi niliwahi kuiloweka leso nyekundu pamoja na mashati meupe ya shule, na muhula huo wote watoto walivaa waridi.

Kazi inayodai uangalifu zaidi ni mbeleko. Tumia kipande kilichofuliwa mara kadhaa, kwa sababu kikiwa kipya huteleza. Inama mgongo ulale kama meza, na mtu mwingine amweke mtoto juu yake, kifua chake kikigusa mgongo wako na miguu ikiwa imepanuka kuzunguka kiuno chako. Tandaza leso imfunike kuanzia shingoni hadi chini ya makalio, upitishe ncha za juu chini ya makwapa yako na uzifunge kwa nguvu juu ya kifua. Kisha vuta ncha za chini, uzikaze chini ya makalio ya mtoto na kuzifunga tumboni. Ndipo usimame polepole. Mtoto akae kama aliyeketi, uso wake uwe wazi upande mmoja, na kitambaa kisizibe pua wala mdomo. Asiyeweza bado kushika shingo asibebwe mgongoni.

Kipande hichohicho, kikisokotwa na kuzungushwa, huwa kata ya kutulizia ndoo kichwani pale maji ya mfereji yanapokatika, jambo ambalo mitaa yetu mingi inalijua. Usiku huwa shuka, jikoni huwa aproni, na msibani hufunika kichwa. Kazi zote hizo hazihitaji mkasi.

Rangi ikififia na kitambaa kikiwa laini, hapo ndipo pa kukata kwa mara ya kwanza: kipande kimoja kigawe mara nne upate nepi, ambazo kwa ulaini wake zinashinda nyingi za dukani. Kipande cha pili kiache kizima mpaka kitoboke. Kikishatoboka, chana mji uwe matambara ya kupangusia na kudekia, lakini pindo likate kando kwa urefu wake wote, maana huchakaa mwisho na hufaa kufungia magunia ya makaa au kuegemeza miche ya nyanya kwenye vijiti.