Jina lako liache wazi, namba yako iondoe: mwongozo kwa wadada wa teknolojia

Naandika hii kwa wadada wanaoanza kazi za teknolojia, madevelopa, wa data, wadizaina wa app, wale wa sapoti, wote. Kila nikikaa na mabinti kuwapitia profaili zao kabla hawajaomba kazi nakuta vitu vilevile: namba ya simu juu kabisa kwenye GitHub (mtandao ambako madevelopa wanaweka programu zao), CV ina mpaka dini na mtaa anaokaa, picha ya sebuleni dirisha linaonyesha jengo la jirani. Halafu nakutana na wa upande wa pili, ambaye alishasumbuliwa na mtu akaamua kufuta kila kitu, sasa hivi anajiita majina ya ajabu na hakuna mwajiri anayeweza kumpata.

Msimamo wangu ni huu na nitaurudia kwa yeyote: jina lako na kazi yako viache wazi, kinachomleta mtu mlangoni kwako ndio ukiondoe. Fani hii inaenda kwa jina. Juliana Rotich na wenzake walipoanzisha Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, mwaka 2008, au Angela Oduor Lungati na wenzake walipoanzisha AkiraChix, shirika la kufundisha wasichana teknolojia, Nairobi mwaka 2010, majina yao yalikuwa hewani, na binti wa chuo leo akiyaona anajua hii kazi inafanywa na mtu kama yeye. Tukijificha wote tunabaki kuonekana hatupo.

Sikatai, kuonekana kuna gharama. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa maombi ya kubadilisha programu kwenye GitHub, zile pull request, na kwa ujumla za wanawake zilikubaliwa zaidi kuliko za wanaume, ila kwa wanawake wageni kwenye mradi, jinsia ikijulikana kwenye profaili kiwango cha kukubaliwa kilishuka. Kwahiyo kama unaingia kwenye mradi usiowajua watu wake ukaamua kutumia herufi za kwanza tu za jina, sikulaumu hata kidogo. Cha msingi jina unalochagua liwe moja, GitHub, LinkedIn na kwenye CV, ili kazi zako zisitawanyike.

Haya tuanze. Hii kaa nayo jioni moja na laptop.

Hatua ya 1: jitafute kama anavyokutafuta mtu asiyekupenda

Fungua brauza kwenye dirisha la siri (incognito), sio pale ulipologin. Tafuta jina lako lote ndani ya alama za kunukuu, halafu namba yako kwa mitindo yote, inayoanza na 0, inayoanza na 255, yenye jumlisha, yenye nafasi katikati, halafu imeili zako zote hata ile ya zamani ya shule. Andika pembeni kila ukurasa unaotokea.

Sasa mwambie rafiki aingize namba yako kwenye simu yake kama anataka kukutumia hela, aishie pale panapotokea jina asimalizie muamala. Umeona? Jina lako la usajili limetoka. Ndio maana huku kwetu namba ya simu ni ufunguo, mtu akiwa nayo tu hahitaji ujuzi wowote kujua wewe ni nani kwenye kitambulisho. Cheki na Truecaller pia, app inayoonyesha jina la mwenye namba, maana watu wanasevu majina na mahali, "Fulani wa Sinza", "Fulani IT" na jina la ofisi, unakuta jina lililotokea limebeba na mtaa wako. Kama una akaunti kule ifunge kwanza, kisha nenda kwenye ukurasa wao wa unlisting uombe namba itolewe.

Ukiwa hapohapo, kama uko Tanzania piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta laini usiyoijua usikae nayo, nenda duka la huo mtandao iondolewe.

Hatua ya 2: GitHub, na hapa twende taratibu

Wengi wanafikiri wakificha imeili kwenye profaili wamemaliza. Hapana. Kila komiti unayofanya (commit, yaani badiliko la programu unalolihifadhi) inabeba jina na imeili iliyowekwa kwenye git, programu ya kutunza mabadiliko hayo kwenye kompyuta yako, na yeyote anaweza kuiona, anachukua linki ya komiti yako anaongeza .patch mwishoni, imeili inatokea juu pale. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri) kwenye folda ya mradi wako uone mwenyewe:

git log --format='%an %ae' | sort -u

Kama imeili yako binafsi imo, fanya hivi. Ingia GitHub, Settings, kisha Emails, washa "Keep my email addresses private" na ile ya chini yake "Block command line pushes that expose my email", hiyo ya pili wengi wanaiacha na ndio inayokuzuia siku ukisahau. Hapo GitHub watakupa imeili ya kujificha inayoishia na users.noreply.github.com, mbele ina tarakimu na jina lako la akaunti. Ikopi, rudi kwenye terminali:

git config --global user.email "imeili-uliyopewa@users.noreply.github.com"

Jina, yaani user.name, liache lako la kweli. Komiti zitaendelea kuhesabika kwako kama kawaida na zile boksi za kijani za profaili zinazoonyesha siku ulizofanya kazi hazipotei.

Hiyo inalinda komiti zinazokuja, za nyuma bado zina imeili ya zamani. Kama ni ripo (folda ya mradi kule GitHub) yako peke yako unaweza kuandika upya historia kwa git filter-repo ukitumia faili la mailmap linalotaja imeili ya zamani na mpya, kisha unapushi kwa nguvu (force push, yaani unapakia GitHub juu ya ile ya zamani). Ila kama mnafanya na wenzako usiguse bila kuwaambia maana utawavurugia kazi, na ujue kabisa nakala ambazo watu walishachukua zinabaki na imeili ile ile. Ripo za mazoezi za chuo ambazo hazikuuzi popote zifanye private tu, imeisha.

Halafu kuna hili la namba kwenye majaribio. Mtu anajifunza kuunganisha malipo ya simu, anaweka namba yake mwenyewe kwenye faili ili ombi la malipo lije kwake, inafanya kazi, anafurahi, anapushi. Namba iko hadharani, na hata akiifuta kesho inabaki kwenye historia. Namba, paswedi na funguo zote za kuunganisha huduma (API key) zikae kwenye faili la .env, na .env iandikwe kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo git isiyachukue, kabla ya komiti ya kwanza. Kama ufunguo ulishatoka usihangaike kuuficha, ufute kule ulikoutoa utengeneze mwingine.

Hatua ya 3: tenganisha namba

Chukua laini ya pili iwe ya kazi, na usiifungulie huduma ya pesa, kisha rudia lile jaribio la rafiki uhakikishe jina halitoki. Hiyo ndio utaweka kwenye magrupu ya WhatsApp ya matech, maana kule kila memba anaona namba ya kila mtu, na grupu la watu mia tano huwezi kuwajua wote. WhatsApp ingia Settings, Privacy, weka picha, last seen na nani anaweza kukuongeza kwenye magrupu viwe kwa contacts wako tu. Telegram nenda Privacy and Security, Phone Number, weka Nobody, na pale panapouliza nani akupate kwa namba weka My Contacts.

Laini ya nyumbani na ya hela ibaki kwa familia na watu wako wa karibu. Ukweli ni kwamba mtu akianza kukusumbua usiku na jumbe za ajabu, laini ya kazi unaizima tu ukalala, ya mama unabaki nayo.

Hatua ya 4: CV mbili

CV zetu zimerithi fomu za zamani: tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini, mahali unapoishi, wengine mpaka namba ya NIDA. Developa haajiriwi kwa hali ya ndoa. Tengeneza CV ya hadharani, jina, mji, imeili ya kazi, linki za kazi zako, basi. Ya pili yenye namba ya simu unaituma kwa mwajiri mmoja mmoja. Namba za wadhamini wako usiziweke kabisa kwenye ile ya hadharani, hizo ni namba za watu wengine na hawajakupa ruhusa ya kuzitangaza, andika watapatikana ukiombwa. Namba ya kitambulisho unatoa ukishapewa ofa. Kampuni inayodai picha ya kitambulisho mbele na nyuma kabla hata ya intavyuu, mimi naikimbia.

Kwenye portifolio, tovuti ya kuonyesha kazi zako, weka fomu ya mawasiliano badala ya namba. Kama una domeini (jina la tovuti ulilonunua), itafute kwenye whois, huduma ya kuangalia mmiliki wa domeini, uone kama jina na anwani vinatokea, vikitokea muulize aliyekuuzia akuwekee faragha.

Hatua ya 5: picha

Zima location kwenye kamera ya simu. WhatsApp ukituma picha kawaida inaondoa zile taarifa za mahali, ukituma kama document zinabaki humo. Picha za semina posti ukishaondoka ukumbini, na beji vua kabla ya kupiga.

Hatua ya 6: funga milango

Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na paswedi unaombwa kodi nyingine ya kuingilia, kwenye imeili kwanza, maana imeili ndio inayofungua vingine vyote, kisha GitHub, LinkedIn, na WhatsApp ambayo yenyewe inatumia PIN. Kwingine tumia app ya kutengeneza kodi kama Aegis au Google Authenticator, SMS iwe ya mwisho kabisa, sababu laini inaweza kuswapiwa, yaani namba yako kuhamishiwa kwenye laini ya mtu mwingine, akapokea kodi zako. Zile kodi za akiba unazopewa ukiwasha zichapishe au ziandike kwenye daftari linalokaa nyumbani, simu ikikwapuliwa kwenye daladala ndio zitakazokurudisha.

Hatua ya 7: kama tayari imekukuta

Usifute kitu kwanza. Piga skrinshoti zionyeshe jina la akaunti, tarehe na linki, kopi linki zenyewe pia, halafu mpe mtu unayemwamini akusaidie kusoma, sio lazima usome mwenyewe kila tusi. Kama mtu anatishia kusambaza picha zako za faragha na umeshafika miaka 18, kuna StopNCII.org, inatengeneza alama ya kidijitali ya picha hapohapo kwenye simu yako, picha yenyewe haiendi popote, na mitandao iliyojiunga inatumia alama hiyo kuizuia. Hela usitume, ukituma mara moja anarudi.

Kwa Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, nenda pale na ushahidi wako na mtu wa kukusindikiza. Taasisi ikimwaga taarifa zako unalalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ilipitishwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Kenya ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, sheria ya 2019. Na dada, kukutokea hivi hakumaanishi ulikosea kuwa hadharani, aliyekosea ni anayekusumbua.

Hatua ya 8: hii ni ya mabosi, walimu na waandaaji wa bootcamp (kozi fupi za teknolojia)

Haya yote tumembebesha binti, na sio haki yakaishia kwake. Nimeona programu za kusaidia wasichana zenyewe ndio zinamwaga namba zao, orodha ya waliochaguliwa inatoka kama PDF na majina, shule, simu, au ile sheet ya fomu imeachwa kila mwenye linki anaifungua. Majibu ya fomu yafunguliwe na watu wawili watatu mliowataja kwa imeili. Namba ya NIDA kwa semina ya siku moja ya nini, msiulize. Waliochaguliwa watumieni ujumbe mmoja mmoja. Badala ya grupu la WhatsApp fanyeni community na mtumie grupu lake la matangazo, hapo namba za wanachama zinafichwa kwa wasio viongozi, ila magrupu mengine ndani yake bado yanaonyesha namba. Wasiotaka picha wapeni kamba ya beji ya rangi tofauti na mpiga picha aambiwe mapema, na kwa wa sekondari mpate ruhusa ya mzazi kwa maandishi. Septemba 2023 ofisi ile ya Kenya iliipiga shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi, kwahiyo hili lina meno.

Bosi, developa wako akisumbuliwa kwa sababu ya kazi ya kampuni, usimwambie apumzike mitandaoni. Ondoa namba yake kwenye ukurasa wa kampuni siku hiyohiyo, weka imeili ya timu, mpe mtu wa kupokea ripoti zake, na jina lake kwenye kazi aliyoifanya libaki palepale.