Nobu ya gitaa ikikaa upande

Nobu, yaani kile kitufe cha kuzungusha cha sauti au cha toni kwenye gitaa la umeme, ikiyumba kama sahani ukiizungusha, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi nobu yenyewe ni nzima. Kilichopinda ni shafti, yaani kijiti cha chuma kilicho chini yake.

Ing'oe nobu kwanza. Tafadhali usiichokonoe kwa bisibisi, utakwaruza rangi au upasue plastiki. Pitisha kitambaa chembamba chini yake, kizungushe, kisha vuta wima kwa mikono miwili. Ikiwa ina skrubu ndogo ubavuni, ilegeze kabla ya kuvuta.

Sasa itazame shafti kwa juu. Zile zilizopasuliwa katikati zina vipande viwili, na kimoja kikiegemea ndani, nobu huinama upande huohuo. Ingiza ncha ya bisibisi bapa kwenye ufa, uzungushe kidogo sana mpaka vilingane. Polepole jamani, chuma hicho hukatika, na kikikatika utabadilisha potenshomita nzima, yaani kile kifaa cha kurekebisha sauti au toni chenye hiyo shafti. Hakikisha pia nati yake imekaza.

Kwa shafti isiyo na ufa, chunguza vipimo. Nobu yenye tundu la milimita 6.35 ikivalishwa shafti ya milimita 6, skrubu huisukuma upande mmoja, nayo haitakaa katikati hata ukaze vipi. Ivishe shafti kibomba chembamba cha shaba kinachojaza hiyo nafasi. Utepe wa kuzungushia nao husaidia, ila hulegea baada ya muda.

Ukirudisha, sukuma wima kwa kidole gumba, na uache upenyo mdogo nobu isikwaruze gitaa.