Somo: Kuchagua Fremuweki na Zana za Upande wa Seva kwa Mfumo wa Michango ya Chama

Somo hili ni la wanachama wa kikundi chetu cha programu ambao tayari wanaweza kuandika programu ndogo, lakini wakiombwa kujenga mfumo utakaotumiwa na watu wengine hukwama mwanzoni kabisa, wasijue kama washike PHP, Python au JavaScript, wala fremuweki ipi (kiunzi cha msimbo kilichokwisha kuandaliwa) juu ya lugha hiyo. Tutatumia mfano mmoja. Tuchukulie kwamba chama cha wanawake wanaouza samaki katika ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, chenye wanachama themanini, kinataka michango ya kila wiki ilipwe kwa M-Pesa, mikopo iandikwe vizuri, na mweka hazina aweze kusoma hesabu siku ya mkutano bila kupekua daftari.

Hatua ya kwanza ni kuiandika kazi yenyewe kwenye karatasi kabla ya kutaja lugha yoyote. Andika ni nani atakayeufungua mfumo, atatumia simu ya aina gani, na ni data gani ambayo ikipotea chama kitavunjika. Ukifanya hivyo kwa mfano wetu utaona kwamba mzigo wa seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya watumiaji, ni mdogo sana: hata jioni ya siku ya michango, maombi yatakayofika kwa dakika moja ni machache, na kila fremuweki nitakayoitaja hapa itayamudu bila shida. Kwa hiyo majedwali ya kulinganisha kasi ambayo vijana wengi huyasoma kwa makini hayawezi kuwasaidia kuamua. Uzito wa kazi hii uko katika usahihi wa hesabu za pesa za watu, na hapo ndipo macho yote yaelekezwe.

Hatua ya pili ni kuuliza ni nani atakayeutunza mfumo baada yako. Mfano mzuri tunao karibu na nyumbani. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka wa 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na mpango wa AMPATH wa Eldoret, ulijengwa kwa Java, ukitumia Spring, Hibernate na MySQL, zana ambazo waandishi wa programu wa nchi nyingi wanazifahamu. Leo unaendelezwa na watu ambao wengi wao hawakuwapo ulipoandikwa mara ya kwanza, na KenyaEMR inayotumika katika vituo vya afya vya Kenya imejengwa juu yake. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua fremuweki, tafuta angalau watu wawili katika eneo lako wanaoijua vya kutosha kuusoma msimbo wako. Usipowapata, chagua nyingine, hata kama hiyo ya kwanza inakuvutia zaidi.

Hatua ya tatu ni fremuweki yenyewe. Kwa kazi hii mimi ningechagua Django, fremuweki ya Python. Ilizaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka wa 2005, na mpaka leo ina alama ya mazingira hayo: ukishaeleza majedwali yako, yaani mwanachama, mchango na mkopo, inakutengenezea kurasa za usimamizi ambazo mweka hazina anaweza kuzitumia siku hiyohiyo. Kuingia kwa nywila, ruhusa za watumiaji, ulinzi wa fomu na utaratibu wa kubadilisha majedwali hatua kwa hatua vyote vimo ndani. Laravel, iliyotolewa mwaka wa 2011, inatoa karibu yote hayo kwa lugha ya PHP, na ina foleni za kazi za nyuma (kazi zinazoendeshwa bila mtumiaji kusubiri) zilizojengwa ndani, jambo ambalo Django kwa muda mrefu imeliachia maktaba za nje. Express ya Node.js (programu inayoendesha JavaScript kwenye seva) ni nyepesi na inapendeza, lakini inakuachia uamue karibu kila kitu mwenyewe, na kila uamuzi kama huo ni mlango mwingine ambao mtunzaji wa kesho atalazimika kuutafutia ufunguo.

Hatua ya nne, hifadhidata, haihitaji maneno mengi: tumia PostgreSQL, au MySQL ikiwa ndiyo seva yako inayotoa. Kiasi cha pesa kihifadhiwe kwa aina ya desimali kamili, kamwe kisihifadhiwe kwa namba za nukta inayoelea, ambazo hukadiria sehemu za desimali.

Hatua ya tano ni malipo, na hapa naomba msome polepole. Mfumo unapotuma ombi la kulipa kupitia API ya Daraja ya Safaricom, yaani njia ya programu kuzungumza na M-Pesa, jibu la papo hapo halisemi kwamba pesa zimelipwa. Linasema tu kwamba ombi limepokelewa, na linakupa namba iitwayo CheckoutRequestID. Mama aliye sokoni huona ujumbe kwenye simu yake, huweka namba ya siri, na baadaye matokeo hutumwa kwenye anwani ya seva yako yakiwa na ResultCode, ambayo ni 0 malipo yakifaulu na 1032 mlipaji akighairi. Katikati ya hayo stima inaweza kupotea, seva yako inaweza kuwa imezimwa, au taarifa ileile inaweza kufika mara mbili. Hifadhi basi ombi likiwa katika hali ya kusubiri kabla hujafanya lolote jingine, weka sharti la upekee kwenye CheckoutRequestID, yaani hifadhidata ikatae namba ileile mara ya pili, ili mchango mmoja usiandikwe mara mbili, kisha andaa amri inayoendeshwa na cron (kipanga ratiba cha seva) kila baada ya dakika chache, inayouliza Daraja hali ya maombi yote ambayo bado yanasubiri. Celery na Redis ni zana nzuri za kazi za nyuma, ila kwa wanachama themanini cron inatosha na ni rahisi kuitunza. Kumbuka pia kwamba anwani hiyo iko wazi kwa dunia nzima. Usiamini taarifa yoyote iliyofika hapo mpaka uilinganishe na ombi ulilolihifadhi na kuithibitisha kwa Daraja.

Hatua ya sita ni matoleo na nakala rudufu. Chagua toleo lenye usaidizi wa muda mrefu, kwa mfano Django 5.2 iliyotoka Aprili 2025 na itakayopata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Msimbo ukae kwenye Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko. Nakala ya hifadhidata itolewe kila usiku na kupelekwa nje ya seva, na angalau mara moja kila mwezi mtu ajaribu kuirejesha.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kakamega: Mwalimu, mimi najua JavaScript peke yake. Je, ni lazima nijifunze lugha nyingine?

Jibu: Si lazima, ndugu. Tumia Node.js, lakini badala ya Express tupu chagua fremuweki yenye mpangilio uliokwisha kuamuliwa, kama NestJS au AdonisJS. Jihadhari na hesabu: katika JavaScript 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004, kwa hiyo hifadhi pesa kwa senti zikiwa namba kamili.

Mwanachama wa Nakuru: Mteja wangu amekwisha kulipia nafasi ya seva ya bei nafuu yenye cPanel (paneli ya kuisimamia kwa kivinjari), na hataki kuhama. Naweza kuweka Django hapo?

Jibu: Baadhi ya kampuni huruhusu Python, lakini utahangaika. Hapo chukua Laravel, kwa kuwa PHP na MySQL ndizo ambazo nafasi hizo zimeandaliwa kwa ajili yake. Hakikisha tu kwamba kikoa kinaelekezwa kwenye folda ya public, si kwenye mzizi wa mradi, kwa sababu faili ya .env yenye nywila zote hukaa kwenye mzizi huo na isipolindwa mtu yeyote anaweza kuisoma kwa kivinjari.

Mwanachama wa Homa Bay: Mwalimu, mama zetu wengi wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe. Je, mfumo huu utawaacha nje?

Jibu: Hautawaacha, dada. Ombi la malipo hupitia kwenye laini ya simu yenyewe, kwa hiyo kabambe hulipokea kama simu janja. Risiti na salio watumie kwa SMS. Kurasa zitafunguliwa na mweka hazina na viongozi wachache tu, na hao wanatosheka na HTML nyepesi iliyoandaliwa kwenye seva, bila fremuweki ya pili ya upande wa kivinjari.