Kutafuta "ng'ombe" bila kuangusha programu

Programu ya stoo niliyomwandikia mama mmoja mwenye duka la dawa za mifugo ilikaa wiki nzima bila lawama. Kisha akapiga simu: "Mwanangu, nikitafuta mbuzi napata, nikitafuta ng'ombe mashine inazima. Ina ugomvi gani na ng'ombe?"

Ugomvi niliuleta mimi. Swali la SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, nililiunga kwa kujumlisha vipande vya maandishi, kama wengi tunavyoanza:

sql = "SELECT jina, bei FROM bidhaa WHERE jina LIKE '%" + neno + "%'"

Ritifaa ya ng', yaani ile alama ', ilifunga nukuu kabla ya wakati. SQLite, hifadhidata niliyotumia, ikasoma '%ng', ikadhani maandishi yameisha, ikajikwaa kwenye mabaki: near "ombe": syntax error. Kwa lugha yenye ng'ombe, kung'oa na kung'arisha, huhitaji kumsubiri mdukuzi. Mteja wa kwanza anatosha. Mdukuzi naye akija atapita tundu hilohilo: ataandika ritifaa, kisha amri zake.

Nikakosea mara ya pili kwa kufuta ritifaa katika neno linalotafutwa. Mashine haikuzima tena, ila haikuleta kitu, kwa sababu kwenye orodha mama kaandika "ng'ombe", si "ngombe".

Dawa ni kuliacha swali peke yake na kulipeleka neno pembeni, kama kigezo. Mahali pa neno unaweka alama ya kuuliza. Hapa nikateleza mara ya tatu, nikaandika LIKE '%?%'. Python, lugha niliyoandikia programu, ikanijibu kwamba swali lina nafasi 0 za vigezo nami nimeleta 1. Ilikuwa sahihi: ndani ya nukuu, alama ya kuuliza ni herufi tu kama herufi nyingine. Asilimia, ambazo kwa LIKE maana yake ni "chochote", zinatakiwa kusafiri na neno:

c.execute("SELECT jina, bei FROM bidhaa WHERE jina LIKE ?", ("%" + neno + "%",))

Angalia mkato ule kabla ya mabano ya mwisho. Ukiusahau, Python inahesabu kila herufi kuwa kigezo, na kwa ng'ombe itakuambia umeleta 9. Nilipoteza nusu saa hapo, na chai ikapoa.

Ukipenda asilimia zibaki kwenye SQL, andika LIKE '%' || ? || '%'. Kwenye MySQL tumia CONCAT('%', ?, '%'), maana kule || kwa kawaida ni "au". Ukiwa na psycopg2, maktaba ya Python ya kuongea na hifadhidata ya PostgreSQL, nafasi ya kigezo ni %s, hivyo asilimia yoyote unayoiandika ndani ya swali lenye vigezo irudie mara mbili: %%.

Nikadhani nimemaliza. Mama akatafuta "1%", akitaka Ivermectin 1%. Akaletewa Albendazole 10%, sindano za ml 10 na kila chenye tarakimu 1. Kigezo kinazuia neno lisigeuke amri, lakini LIKE bado inaisoma % kuwa "chochote", na kistari cha chini, _, kuwa "herufi moja yoyote". Kwa duka la dawa, ambako karibu kila chupa ina asilimia yake, hilo ni balaa. Zitangulizie alama ya mshangao kabla ya kuzituma, na ESCAPE iseme kwamba kinachoifuata kisomwe kama herufi tu:

n = neno.replace("!", "!!").replace("%", "!%").replace("_", "!_")
c.execute("SELECT jina, bei FROM bidhaa WHERE jina LIKE ? ESCAPE '!'", ("%" + n + "%",))

Alama ya mshangao yenyewe ianze kubadilishwa, la sivyo utazirudufu zile ulizoziongeza mwenyewe. Wengi hutumia mkwaju wa nyuma, \. Mimi naukimbia, kwa sababu Python ina maana yake na MySQL ina yake, na unaishia kuandika minne ili ubaki mmoja.

Asilimia ya mwanzoni huifanya hifadhidata isome orodha nzima badala ya kutumia faharasa ya kawaida. Kwa bidhaa mia chache hutaona tofauti. Zikifika laki, angalia nyongeza za kutafutia maandishi: FTS5 ya SQLite au pg_trgm ya PostgreSQL.

Simu ya mwisho: ng'ombe wamepotea tena, safari hii wakitafutwa kwa simu tu. Kibodi yake huweka ritifaa iliyopinda, ’, na stoo ina iliyonyooka. Nikaongeza neno.replace("’", "'") wakati wa kuhifadhi na wakati wa kutafuta.