Gango la mkono uliolegea: mshipa kwanza, plasta baadaye

Kila msimu wa karafuu unapofika Pemba, vitengo vya viungo hupokea wachumaji walioanguka mikarafuuni wakavunjika fupa la mkono wa juu, na baadhi yao, fupa likishaanza kuunga, hugundua kuwa kifundo cha mkono kinaning'inia na hakinyanyuki hata wakijilazimisha. Sababu yake ni kuwa neva (mshipa wa fahamu) ya radiali huzunguka nyuma ya fupa hilo, imelilalia kabisa sehemu ya kati, kwa hiyo fupa likivunjika hapo neva nayo huvutwa, hubanwa au hukatika. Mwongozo huu ni kwa wenzangu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya wanaotakiwa kumtengenezea mgonjwa wa aina hii gango, yaani kifaa kigumu cha kuushikilia mkono, kwa vifaa vilivyopo. Mwishoni nimeongeza machache kuhusu neva mbili nyengine, kwa sababu gango la mkono mmoja haliufai mwengine.

Hatua ya kwanza: tambua neva iliyoumia

Mkono unaendeshwa na neva tatu. Radiali hunyanyua kifundo, vifundo vya ngumi na gumba, na hisia yake imo mgongoni mwa mkono, baina ya gumba na kidole cha shahada. Mediani hupita katika njia nyembamba ya kifundo pamoja na kano tisa zinazokunja vidole; hulitenga gumba na kiganja, na hutia hisia kwenye gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Alna hupita nyuma ya kisugudi, pale mtu akijigonga akahisi umeme. Hupanua na kubana vidole, na hisia yake imo kwenye kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya kidole cha pete. Kwa hisia, gusa sehemu tatu tu kwa unyoya wa pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho: ncha ya shahada, ncha ya kidole cha mwisho, na ile nyama ya mgongoni baina ya gumba na shahada.

Kwa nguvu, uwe na hadhari. Mkono ulioning'inia hudanganya kwa namna mbili. Kwanza, mgonjwa atashindwa kukamata kitu kwa nguvu na kupanua vidole, nawe utadhani kuwa mediani na alna nazo zimekufa, kumbe misuli inayokunja vidole haiwezi kuvuta vizuri ikiwa kifundo kimeinama. Ulaze mkono juu ya meza, kifundo kikiwa kimenyooka, ndipo umwambie, "Baba, panua vidole," na mara nyingi vitapanuka bila ya taabu. Pili, utamwona ananyoosha ncha za vidole, nawe utadhani radiali ni nzima. Ncha hizo hunyooshwa pia na misuli midogo ya ndani ya mkono, ambayo si ya radiali. Kipimo cha kweli ni vifundo vya ngumi: shikilia kifundo cha mkono, umwambie anyanyue vidole kutoka kwenye ngumi, uangalie vile vifundo vinne peke yake. Ikiwa kifundo cha mkono kinanyanyuka lakini kinapinda upande wa gumba, vidole havinyanyuki, na hisia ipo kamili, basi kilichoumia ni tawi la ndani la radiali chini ya kisugudi, wala si neva yenyewe juu.

Wapo wasiopaswa kusubiri gango. Aliyekatwa kwa panga au kioo na mkono ukalegea papo hapo apelekwe kwa daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Aliyefungwa fito na fundi wa mifupa, vidole vikavimba, akapiga kelele kila unapomnyoosha vidole taratibu, afunguliwe kila kilichombana hapo hapo na apelekwe hospitali kwa haraka, kwa sababu misuli ya kigasha, yaani baina ya kisugudi na kifundo, ikikosa damu kwa saa chache haifufuki. Mwenye baka la ngozi lisilo na hisia, au neva nene inayoonekana nyuma ya kisugudi, achunguzwe ukoma kabla ya jambo lolote.

Hatua ya pili: vifaa

Bandeji za plasta za upana wa sentimita 10 au 15, pamba ya kufungia, soksi ya pamba, mkasi, kalamu, beseni la maji na velkro. Soksi ndefu nyeupe za skuli zilizokwisha kuraruka visigino zinafaa sana: kata ncha, toboa tundu la gumba, na umpe mgonjwa tatu ili abadilishe kila siku, kwa sababu katika joto la kaskazi jasho chini ya gango huleta vipele ndani ya siku mbili.

Napendelea plasta kuliko chochote kwa gango la kwanza. Plastiki maalumu inayolainika katika maji ya nyuzi 65 hadi 75 ni nzuri, nyepesi na huoshwa, lakini ni ghali, na mgonjwa akiisahau mbele ya kioo cha daladala iliyoegeshwa juani, atairudia imejikunja. Bomba la maji la plastiki, ambalo wengine hulikata na kulichoma, hulainika kwenye nyuzi zipatazo 80; kuliweka juu ya mkono usio na hisia kamili ni kutafuta vidonda vya moto, na mimi silitumii. Ama vile vifungo vya kitambaa vyenye bapa la chuma vinavyouzwa madukani, bapa lake mara nyingi limenyooka wakati mkono uliolegea unataka kuinuliwa, na kitambaa chake hupanda hadi kuzuia vidole kukunja. Ikiwa mgonjwa ameshakinunua, chomoa bapa, ulikunje upya kwa pembe unayoitaka, ulirudishe.

Hatua ya tatu: ramani ya karatasi

Chora mkono wa mgonjwa kwenye karatasi. Urefu uanzie theluthi mbili za kigasha, ukipima kutoka kifundoni, na uishie kabla ya mstari mkubwa wa kiganja ulio karibu na vidole. Upana uwe nusu ya mzingo wa kigasha. Ukingo wa mbele uende mshazari, kwa kuwa upande wa kidole cha mwisho ni mfupi kuliko upande wa shahada. Kata nafasi ya gumba hadi kwenye mkunjo wa shina lake.

Hatua ya nne: kufinyanga

Hapa ndipo gango huwa gango au huwa kipande cha chokaa kinachowekwa juu ya kabati. Ninaieleza kwa urefu kwa sababu kasoro zake hazionekani siku ya kwanza.

Mlaze mgonjwa mkono juu ya meza, kiganja kikiangalia juu, kisha weka taulo au kanga iliyokunjwa chini ya kigasha karibu na kifundo, ili mkono wenyewe uanguke nyuma. Kwa namna hii uzito wa mkono unakufanyia kazi: kifundo kinajipinda nyuma bila ya kushikiliwa, na plasta italala juu ya kiganja badala ya kudondoka. Rekebisha unene wa taulo mpaka upate nyuzi 20 hadi 30. Chini ya hapo vidole havitapata nguvu ya kukamata. Zaidi ya hapo njia nyembamba ya kifundo huanza kubana neva ya mediani, na mgonjwa aliyekuja na neva moja mbovu ataondoka akilalamikia ganzi ya neva ya pili.

Mvishe soksi, kisha weka vipande vya pamba kwenye vichwa viwili vya mifupa pembeni mwa kifundo na kwenye shina la gumba. Pamba iwekwe kabla ya plasta. Kuchomeka pamba baadaye mahali panapouma huongeza mgandamizo badala ya kuupunguza. Uangalifu zaidi uwe upande wa gumba, kwa maana hapo tawi la hisia la radiali hupita juu ya mfupa likiwa chini ya ngozi tu, na ukingo wa gango ukilibana, mgonjwa ataanza kusema mgongo wa gumba unamwaka moto. Si dalili njema ya neva kukua, kama wengine wanavyomfariji. Ni ukingo unaotaka kukunjwa nje.

Kunja plasta tabaka nane hadi kumi kwa kipimo cha ramani, uichovye katika maji ya kawaida ya mtungi, uikamue bila ya kuipotoa, uisawazishe kwa viganja. Usitumie maji ya moto kwa kutaka iwahi kukauka. Plasta inapoganda hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa nene, imechovywa katika maji ya moto na imefunikwa, inaweza kumwunguza mtu asiyehisi.

Ukishailaza, una dakika chache tu, na katika dakika hizo fanya mambo mawili. La kwanza, ingiza shina la kiganja chako ndani ya kiganja cha mgonjwa, ukibonyeza katikati kwa upole, ili mkono ubaki na upinde wake wa asili, kama uliokamata chungwa. Gango bapa hulaza upinde huo, na vidole vikikunjwa kila kimoja huelekea njia yake. La pili, usitumie ncha za vidole vyako. Kila alama ya kidole unayoiacha kwenye plasta mbichi ni kinundu kidogo upande wa pili, na kinundu kidogo juu ya ngozi isiyohisi ni kidonda cha wiki ijayo. Ikianza kupata joto, tulia kabisa. Ukiusogeza mkono sasa utaipasua ndani kwa ndani, nayo itavunjika kwenye kifundo kabla ya wiki kwisha.

Ikiganda, itoe na ukate kingo kabla haijawa ngumu kabisa. Ndipo ufanye jaribio ninaloliamini kuliko vipimo vyote: mrudishie gango, mkunje vifundo vyote vinne vya ngumi kwa mkono wako mpaka pembe mraba, na umfikishe gumba kwenye ncha ya kidole cha mwisho. Kimoja kikigota kwenye ukingo, kata tena. Kisha mpe kikombe akishike. Mgonjwa wa mkono wa kulia atataka kula wali kwa gango hilo, na ikiwa ukingo umepita mstari wa kiganja hatoweza kufanya tonge. Atalivua wakati wa chakula cha mchana na halitarudi tena.

Gango liachwe likauke siku nzima kabla ya kutumiwa kwa nguvu, na katika masika liwekwe mahali penye hewa, kwani plasta iliyolowa hulegea.

Hatua ya tano: mikanda

Mikanda mitatu: juu ya kigasha, kwenye kifundo kwa mshazari, na mgongoni mwa mkono nyuma ya vifundo vya ngumi. Velkro, si bandeji, kwa sababu mgonjwa lazima aweze kulivua na kulivaa kwa mkono mmoja. Mtu anayetawadha mara tano kwa siku hatokaa na gango asiloweza kulivua, na kwa kweli udhu ni neema kwetu: mwambie kila anapolivua, kabla ya kugusa maji, atazame ngozi. Wekundu usiopotea baada ya dakika 20 maana yake gango lirudi kwako.

Zipo pia magango yenye nguzo na mipira inayonyanyua vidole. Yanapendeza. Kwa wengi, hata hivyo, gango la kawaida la kifundo linatosha, kwani kifundo kikishikwa vidole hupata kazi, na yale ya mipira aghalabu hukaa yametundikwa ukutani.

Ikiwa neva ni nyengine

Mediani iliyobanwa kifundoni, kama inavyowatokea wajawazito na wanawake wanaoshinda wakisuka ukili, haitaki kuinuliwa: kifundo kiwe sawa, nyuzi sifuri, na gango livaliwe usiku kwa wiki sita hivi. Ukimpa gango la radiali utamzidishia ganzi.

Alna, ambayo ikiumia huacha kidole cha pete na cha mwisho vimejikunja kama makucha, inataka gango dogo la mkononi tu, linalozuia vifundo vya ngumi vya vidole hivyo viwili visipinde nyuma. Vikizuiwa hapo, radiali yenyewe itanyoosha ncha zake.

Hatua ya mwisho: kufuatilia

Kila siku mgonjwa anyooshwe kifundo, vidole na gumba mpaka mwisho wa mwendo wake, maana neva ikirudi ikakuta viungo vimekakamaa hakuna faida. Neva hukua kiasi cha milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi, hivyo mvunjiko wa katikati ya mkono wa juu huchukua miezi kabla ya kuonekana chochote. Gonga kwa ncha ya kidole kufuata njia ya neva kutoka chini kwenda juu. Mahali panapopeleka umeme hadi mgongoni mwa gumba ndipo ncha zinazoota zilipofika, na pawekewe alama ya wino kwa tarehe. Msuli wa kwanza kurudi ni ule unaojitokeza kigashani, upande wa gumba, mtu anapokunja kisugudi huku gumba likiangalia juu. Kifundo hufuata, vidole na gumba huja mwisho.

Alama isiposogea, na msuli huo usiporudi kwa miezi mitatu hadi minne, mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa mifupa huku ukiendelea na gango. Neva isipopona, daktari anaweza kuhamisha kano, kwa mfano ya msuli unaogeuza kigasha, akaitia kazi ya kunyanyua kifundo, na upasuaji huo hufanikiwa tu ikiwa viungo ni laini. Katika barua ya rufaa andika tarehe ya kuumia, mahali pa mvunjiko, msuli wa chini kabisa unaofanya kazi, na umbali alama ya wino iliyotembea tangu ulipoanza kumwona.