Kabla ya kwenda Paje, kagua miwani yako ya jua

Wengi wetu tukienda kupumzika Paje au ufukwe mwingine wa Unguja tunanunua miwani ya jua dakika za mwisho, boti ikikaribia kuondoka. Tunachoangalia ni kama inapendeza usoni na kama kioo ni cheusi. Weusi huo ndio unaonitia wasiwasi. Kwenye mwanga mkali mboni hujibana, na hiyo ni sehemu ya kinga ya jicho. Ukivaa kioo cheusi kisichozuia miale ya urujuanimno, mboni hutanuka kama iko gizani, na miale hiyo isiyoonekana hupata mlango mpana.

Kwa hiyo kabla ya rangi na umbo, tafuta maandishi UV400, yaani kioo kinazuia miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi hadi nanomita 400, aina zake mbili, UVA na UVB, pamoja. Ila kibandiko mtu yeyote anaweza kukibandika. Kama una shaka, ipeleke kwenye duka la miwani lenye kifaa cha kupimia; ni kazi ya muda mfupi. Weusi wenyewe hupangwa kwa namba, 0 hadi 4. Namba 3, inayopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, inatosha ufukweni. Namba 4, iliyo nyeusi kuliko zote, usiendeshee gari wala pikipiki.

Paje maji yakipwa, mchanga mweupe hutandaa mbali sana, na jua hukupiga kutoka chini pia. Shirika la Afya Duniani linasema mchanga mkavu hurudisha kiasi cha asilimia 15 ya miale ya urujuanimno, na povu la bahari 25. Ndiyo maana kofia peke yake haitoshi, na fremu nyembamba inayoacha pembeni wazi haisaidii sana. Chagua pana, inayokaa karibu na uso. Lenzi za polaraizi hupunguza mng'ao wa maji, raha kweli ukiwa kwenye ngalawa, lakini hazizuii urujuanimno mpaka ziwe na UV400 pia.

Watoto msiwanunulie miwani ya kuchezea. Lenzi ya jicho lao bado ni angavu na hupitisha miale mingi kuliko yetu, na madhara hujilimbikiza miaka mingi: mtoto wa jicho, au kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho, ambacho huwapata sana wanaoshinda juani kama wavuvi. Siku ya mawingu mepesi wavalisheni vilevile.

Beba na kamba ya kuifunga shingoni. Ikiingia mchanga, isuuze kwanza kwa maji yasiyo na chumvi. Ukiifuta kavu kwa khanga, kioo kitachubuka siku hiyohiyo.